Nalea mbwa wa sungura huku Herefordshire: mbio kazaliwa nazo, kusimama ndio mtihani

#1 MrangiWaMpakani

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa mbwa wa ulinzi nilisema mbwa wangu habweki, halindi, na mwizi akija atamwonyesha friji ilipo. Mkaniuliza sasa huyo ni wa kazi gani. Nikaahidi uzi, na huu ndio wenyewe. Ni mrefu, mwenye bando dogo asome kwa awamu.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Mwaka wa sita huu niko Herefordshire, magharibi ya Uingereza, ukivuka vilima tu uko Wales. Naendesha trekta kwenye shamba la kondoo na matufaha ya kukamulia pombe. Adui wa shamba ni sungura. Msicheke. Mche wa tufaha wa miaka miwili, sungura akiutafuna gome kuzunguka shina lote, umekwisha huo, hata uufunge na nini. Ngano ikichipua wanaifyeka kuanzia kingoni kuingia ndani utadhani wamekodi mashine. Wazee wa huku wana hesabu yao: sungura kumi wanamaliza malisho ya kondoo mmoja.

Mwaka jana mwezi wa kumi mzee mwenye shamba akanikabidhi kijibwa jike cha wiki nane, miguu mirefu kuliko akili. Akasema kulea ni kwangu, yeye anataka kuona sungura wanapungua, basi. Nikamwita Bajaji, maana tangu siku ya kwanza anakata kona bila indiketa. Mzee jina limemshinda, anasema "Baji".

Huku mbwa wa namna hii wanamwita lurcher. Mimi nimeshamfanya lacha ili ulimi upumzike. Hana kitabu cha ukoo wala cheti cha chama cha mbwa, ni mchanganyiko wa makusudi: damu ya mbwa wa mbio (greihaundi, wipeti, saluki) inatiwa damu ya mbwa wa akili au mbishi, kama koli wa kuchunga kondoo, au teria. Bajaji robo tatu ni greihaundi, robo koli. Greihaundi mtupu anafika karibu kilomita 70 kwa saa, ila ukimwita arudi ni kama unamsemesha ukuta. Ile robo ya koli ndiyo yenye masikio. Zamani alikuwa mbwa wa watu wa chini, Waromani wa misafara (wale wanaoitwa Wajipsi) na majangili wa usiku, kwa sababu anaondoka kimya na kurudi kimya na kitoweo mdomoni.

Sasa ametimiza miezi 13, na nimejifunza jambo moja ambalo nalo ndilo sababu ya uzi huu. Kukimbia hakuna anayemfundisha. Kazi yote ya mwaka wa kwanza ni kumfundisha lini asikimbie.

Mwanzo kabisa ilikuwa filimbi na sahani. Kila chakula kikiwekwa chini, napuliza mara mbili fupi. Sikugusa somo lingine. Wiki mbili tu, ukipuliza anakuja hata kama haja haijaisha.

Kuanzia miezi mitatu tukaingia kwenye soksi. Nyumba ya mzee ina korido jembamba. Nafunga milango yote, napiga magoti mwisho wa korido, narusha soksi iliyokunjwa kama mpira wa makaratasi. Akishaiokota hana pa kwenda zaidi ya kwangu. Akifika simnyang'anyi. Hapo ndipo wengi wanaharibu: mbwa kaleta kitu, wewe unakivuta, kesho atakuzunguka nacho mita kumi kama mtoto mwenye pipi ya wizi. Namwacha akishike, namkuna kifua, namsifia, kisha naweka kiganja chini ya kidevu nasubiri. Mara tatu kwa siku, basi. Ya nne anachoka, na huyu akichoka anakudharau waziwazi. Meno ya utoto yalipoanza kung'oka tukaacha kabisa kwa wiki kadhaa, maana fizi zinauma, na sikutaka akili yake ioanishe kuleta kitu na maumivu.

Kondoo nao, kila siku ya Mungu. Kwa kamba, kupita katikati yao, kukaa kwenye nyasi nao wakila. Sheria ya huku haina mzaha: mbwa akikutwa anasumbua kondoo, mwenye mifugo anaweza kumpiga risasi na akatetewa na sheria. Mzee alitaka tufuate dawa ya babu yake, kijibwa kinafungiwa zizini na kondoo jike mwenye kitoto akipige kichwa, kisisahau maisha. Nilikataa. Mtoto wa mbwa akivunjwa mbavu anajifunza nini? Tulibishana siku mbili, akaniachia.

La mwisho ni mifupa. Mbwa wa namna hii kwa nje anaonekana mtu mzima akiwa na miezi minane, lakini ncha za mifupa ya miguu bado laini mpaka mwaka na zaidi. Hakuna kurushwa ua, hakuna kukimbizwa kando ya baiskeli. Na ukimpeleka kwa sungura mapema akawakosa kila siku, anaanza kubweka akiwa mbioni kwa hasira. Lacha anayebweka mbioni amekwisha thamani, sungura wote wa tarafa wanajua anakuja.

Maswali karibu.

#2 Mtu_wa_Kiti

Nimeweka kiti mbele kabisa. Uzi bila picha ya Bajaji ni tetesi.

#3 Ole_Kajiado

Boss, hii ni kali. Lakini swali la kweli: si huko kuwinda na mbwa walipiga marufuku? Huku kwetu Kenya uwindaji ulifungwa tangu 1977. Ukipatikana nyikani na mbwa watatu na rungu, hutaeleza mtu kwamba ulikuwa unatembeza mbwa.

#4 MrangiWaMpakani

@Ole_Kajiado swali zuri kaka, na ndilo lililonitoa jasho mwanzo.

England na Wales wana sheria ya 2004, ikaanza kazi Februari 2005. Kukimbiza mnyama pori kwa mbwa ni kosa: mbweha, swala wa huku, wote hao. Vilivyobaki halali ni viwili tu vya kumhusu mtu kama mimi, panya na sungura, na hapo uwe na ruhusa ya mwenye ardhi. Mimi natembea na barua ya mzee kwenye gari.

Sasa ngojeni niwaeleze mtego wa Kiswahili. Sisi neno ni moja, sungura. Huku wapo wawili, na kati yao kuna jela. Wa kwanza ni yule wa mashimo, anaishi kwa kundi chini ya ardhi, watoto wake wanazaliwa uchi na vipofu. Huyo halali. Wa pili ni mkubwa, masikio marefu yenye ncha nyeusi, hana shimo, analala juu ya ardhi kwenye kikalio cha nyasi, na watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi. Huyo kumkimbiza kwa mbwa ni kosa, na mwaka 2022 wakakaza zaidi: mpaka miezi sita jela, faini isiyo na ukomo, na mahakama inaweza kukukataza kumiliki mbwa. Kisa ni magenge yanayovamia mashamba ya watu na kuchezesha kamari mbwa wa nani atamshika.

Ndiyo maana lacha kwenye gari, jioni, mashambani, ni kama kukutwa na msumeno kwenye hifadhi ya msitu. Nimesimamishwa na polisi mara mbili. Nikaonyesha barua, wakamkuna Bajaji masikio, tukaachana.

Na kichekesho ni kwamba sungura wa hadithi zetu, yule mjanja aliyemchezea fisi, ni huyo wa pili. Wa kwetu porini hawachimbi mashimo. Kwa hiyo shujaa wangu wa utotoni huku yuko chini ya ulinzi wa sheria. Nimefurahi kwa kweli.

#5 BintiWete

Neno lipo mwanangu, mmelitupa wenyewe. Bibi yangu Pemba alikuwa akimwita kitungule. Mwite huyo wa masikio marefu kitungule, na wa mashimo abaki sungura, usije ukafungwa kwa umasikini wa msamiati.

#6 MrangiWaMpakani

Shikamoo mama. Nimelichukua. Kuanzia sasa ni kitungule.

#7 Abu_Salim_Muscat

Assalamu alaykum jamaa. Mimi niko Muscat, wazee wetu ni wa Unguja. Umetaja saluki nikaona niingie. Huku ndiye mbwa wa heshima. Bedui ambaye hataki mbwa mwingine asogee hemani, saluki anamlaza karibu. Si wa mbio fupi kama greihaundi, huyu pumzi haimwishi, mchanga na jua havimtishi. Ila kumwita! Anakuja akitaka. Ami yangu alikuwa naye mmoja, alikuwa akimfuata kwa gari.

Nina swali, na si la kukutahayarisha ndugu yangu. Kwa jina la Kondoa nadhani wewe ni Muislamu. Mambo ya mate unayafanyaje, na nyama inayokuja kwenye mdomo wa mbwa?

#8 MrangiWaMpakani

Waalaykum salaam Abu Salim. Hujanitahayarisha hata kidogo. Mama aliposikia nina mbwa aliuliza neno moja tu: "Anaingia ndani?" Haingii. Mbwa wa shamba na wa kuwinda tumeruhusiwa kuwa naye, lakini kwangu haingii. Ana banda lake zizini, kitanda kimenyanyuliwa juu ya sakafu, majani makavu mengi, maana hana mafuta mwilini na baridi ya huku inamwingia mpaka kwenye mfupa. Usiku wa barafu anavaa koti. Nina nguo za kazi na viatu vya kazi. Vyombo vyake haviguswi na mtu, na kikiguswa tunajua, ni kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo.

Kuhusu nyama nilimuuliza shehe mmoja wa mjini Birmingham, nikadhani atanifukuza. Akanifungulia Surat Al-Maida, aya ya 4, pale panapotajwa wanyama wa kuwinda mliowafunza. Akasema katika madhehebu yetu ya Shafii mbwa anahesabiwa amefunzwa akitimiza mambo haya: ukimtuma aende, ukimzuia azuilike, akikamata asile. Unataja jina la Mwenyezi Mungu unapomwachia, na ukimkuta mnyama bado hai unamchinja.

Nilikaa kimya pale kwenye zulia. Nimetumia miezi kuuliza wazee wa huku, kila mmoja na nadharia yake, kumbe mtaala mzima ni mstari mmoja. Kwenda, kuzuilika, kutokula. Soksi ya korido ni hilo la tatu. La kwanza anazaliwa nalo. Jasho lote ni la katikati.

La katikati nililifanya hivi. Sahani chini, mkono juu, mlio mmoja mrefu wa filimbi. Haili mpaka mkono ushuke. Akishalielewa hilo, tunahamia nje na kamba ya mita kumi. Anatembea mbele, napuliza mrefu, kamba inakaza polepole, akisimama nampelekea kipande cha ini pale pale alipo. Simwiti aje kukichukua, yeye asimame, mimi niende. Halafu mpira: narusha, akifika nusu ya njia napuliza. Hapo ilichukua wiki sita na nilitukana sana kwa Kirangi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni la macho. Mbwa huyu anawinda kwa macho, na macho yakishashika kitu masikio yanafungwa. Una hatua mbili tatu za mwanzo, kabla hajaingia gia kubwa. Ukichelewa hapo puliza mpaka mashavu yapasuke, unaburudisha ndege.

#9 Mkwezi255

Yaani mtu umevuka bahari, mwaka wa sita, kazi yenyewe ni kufuga mbwa wa mzungu na kumnunulia koti. Sawa bwana.

#10 MrangiWaMpakani

@Mkwezi255 koti la pauni 18, mtumba. La kwangu pauni 12.

#11 Kapera_Mpole

Mkuu, mbona kila kitu kimekwenda vizuri? Nyuzi za hivi huwa naziogopa. Tueleze ulipoharibu.

#12 MrangiWaMpakani

Nilikuwa nasubiri aulize mtu, ningeona aibu kuanza mwenyewe.

Mwezi wa tano, Bajaji ana miezi tisa. Jua la huku wakati ule linazama saa tatu usiku. Nimetoka kazini nimechoka, mzee kaenda mjini. Tunapita kando ya shamba la chini, sungura wawili wakatoka kwenye ua wa miiba, mita kama arobaini, wakakaa wanakula kama hawatuoni. Bajaji akakaza mwili wote. Mnajua ule mtetemo wa kamba ya gitaa? Unaupata kwenye kiganja. Mkono wangu ukafungua kamba kabla kichwa hakijaamua.

Mungu wangu, ile mbio. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Sekunde nne hivi.

Ile kingo sikuwa nimeikagua. Ndani ya nyasi ndefu kulikuwa na seng'enge ya zamani, nyuzi mbili zimelegea, nguzo zimeoza. Sungura akapita chini. Yeye akapita katikati.

Hakulia. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo. Alirudi anatembea, mkia chini, na ngozi imefunguka kuanzia begani mpaka nyuma ya kwapa, inaning'inia kama mfuko wa shati uliochanika upande mmoja. Ndani nyama nyekundu safi kabisa, damu kidogo tu. Ngozi yao ni nyembamba kama karatasi. Nilimmwagia chupa nzima ya maji ya chumvi, nikamfunga kwa foronya, nikamlaza kiti cha mbele cha gari na mkono mmoja juu yake njia nzima.

Nyuzi ishirini na tatu, pauni 640. Hizo zote zililipika. Kilichokuwa kigumu ni mzee aliporudi. Alimtazama, akakunjua bandeji kidogo akafunika tena, akauliza swali moja: "Nani alifungua kamba?"

Kidonda kilipona wiki tatu. Woga ulichukua miezi miwili. Akiona waya wowote anasimama na kuanza kunung'unika. Tulianza upya na ubao uliolazwa chini mlangoni, anavuka kama anaingia chumbani. Kisha kamba ya sufi kimo cha goti. Kisha uzio wa kweli, nikiwa nimefunika waya wa juu kwa gunia. Mpaka leo kabla ya kumwachia popote natembea kingo zote kwa miguu, na koleo la kukatia waya liko mfukoni.

#13 DaktariWaMorogoro

Habari za humu. Mimi ni daktari wa mifugo, niko Morogoro. Kaka umeeleza vizuri, niongeze machache.

Siku akihitaji nusukaputi tena, mkumbushe daktari kabla kwamba damu kubwa ni ya greihaundi. Wana mafuta kidogo sana mwilini, na kuna dawa za usingizi za zamani ambazo kwao zinachelewa kutoka, mbwa anaweza kulala muda mrefu kupita kiasi. Madaktari wa huko wanajua, ila kukumbusha hakuna hasara.

Vifua virefu vya namna hiyo, msimpe mlo mkubwa halafu akakimbie. Tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, na hapo unahesabu saa, hata siku hufiki.

Matumbo ya sungura asile mabichi, anapata tegu humo. Dawa ya minyoo inayoua tegu, si ile ya kawaida tu. Na chanjo ya homa ya mgunda asikose, maana mbwa wa shambani anakunywa kwenye madimbwi yenye mkojo wa panya.

#14 Mfugaji_Kiteto

Wakuu, nimefuata uzi huu tangu jana usiku. Mimi sina lacha, nina mbwa wetu wa kawaida hapa Kiteto, dume, mwaka mmoja na nusu. Mlinzi mzuri sana wa boma. Tatizo ameanza kukimbiza mbuzi wa jirani, na wiki iliyopita kaua kuku wawili. Jirani kasema akiua wa tatu ni sumu. Mzee wangu kanishauri nimfunge kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze. Inasaidia?

#15 DaktariWaMorogoro

@Mfugaji_Kiteto usimfunge kuku shingoni mdogo wangu. Utapata mbwa anayenuka, mwenye kidonda, na bado anapenda kuku. Halafu kwanza nijibu: kachanjwa kichaa cha mbwa? Miezi mitatu ndiyo ya kwanza, na kila mwaka anarudia. Mbwa anayezurura kwa majirani bila chanjo, mimi namwogopea kuliko hao kuku. Uliza ofisi ya mifugo ya wilaya, kampeni nyingi zinafanyika karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani.

#16 MrangiWaMpakani

@Mfugaji_Kiteto pole kaka. Dokta kamaliza la kwanza, mimi nakazia la kamba. Mbwa wako ameshaonja, kwa hiyo ule ushauri wa "mwachie atazoea" usiusikilize. Kila akimkimbiza mbuzi, mbuzi anakimbia, na huko kukimbia kwa mbuzi ndio mshahara wake. Kata mshahara. Mwezi mzima asiwe huru hata dakika moja bila macho yako. Mchana kamba, au banda lenye kivuli na maji. Usiku ndiyo alinde, mifugo ikiwa zizini.

Asubuhi na jioni mpeleke kwa kamba kwenye mbuzi wako mwenyewe. Kaa mbali, pale ambapo anawaona lakini bado anakumbuka wewe upo. Akiwatazama kisha akakugeukia, mpe kipande cha kitu. Ugali wenye mchuzi unatosha, si lazima ini. Ukiona kakaza mwili hakusikii, umesogea mno, rudi nyuma. Ni kazi ya kuchosha na majirani watakucheka kwamba unachunga mbwa.

Na yule jirani mlipe kuku zake leo, kabla ya somo lolote.

#17 Mfugaji_Kiteto

Kuku nimelipa, elfu thelathini. Kamba nimenunua. Chanjo hana, naenda Jumatatu.

#18 MtuWaGlasgow

Kwa wenzangu mlioko Scotland, msisome sheria ya mtoa mada mkadhani ni yetu. Huku walikuwa na sheria yao ya 2002, ikafuatwa na nyingine 2023 iliyobana zaidi, na humo sungura wa mashimo amehesabiwa pamoja na wanyama pori wengine. Ukivuka mpaka na lacha wako, mvue kazi.

#19 MrangiWaMpakani

Asante mkuu, hilo nililisahau kabisa.

#20 MrangiWaMpakani

Mrejesho, wakuu. Novemba sasa, Bajaji miezi 15. Msimu wa mashimo umeanza: majani ya kando ya ua yamekufa, mashimo yanaonekana, na sungura hawana watoto wachanga. Jumamosi mzee akasema tuandae nyavu.

Kwa asiyejua, tunatumia fereti. Ni kicheche wa kufugwa, mrefu kama soksi ya mpira, mwenye harufu ambayo haitoki kwenye jaketi. Anaingia shimoni, sungura wanatoka. Kila mlango wa shimo unawekwa kijiwavu chenye kamba ya kujifunga. Fereti anavaa mkanda wenye kitoa mawimbi, akikwama chini tunajua pa kuchimba. Bajaji na yeye wamekua pamoja, tangu utotoni wanapigana busu kupitia nyavu za kizimba. Lazima iwe hivyo, la sivyo siku ya kwanza anamla mfanyakazi mwenzie.

Kazi yake ya kwanza ni kusema kama kuna watu nyumbani. Hili sikumfundisha. Anapita kila shimo, pua chini, shingo ndefu. Mengine anayapita kama duka lililofungwa. Kwenye moja akasimama, mguu wa mbele juu, sikio moja limelala na jingine limesimama. Mzee akanyoosha kidole bila kusema neno. Tukaweka nyavu kumi na nane tukiwa tunatembea kama wezi, maana wanasikia kishindo chini. Fereti akaingia.

Halafu hakuna kitu. Dakika tatu, nne. Baridi inaingia kwenye kucha. Kisha unausikia kwa nyayo, kishindo kimoja chini ya ardhi, du! Wavu wa kwanza ukaruka. Bajaji akatetemeka ila hakusogea, sungura wa wavuni si wake na anajua. Wa pili, wa tatu. Wa nne akatoka kwenye tundu ambalo wote hatukuliona, nyuma ya mzizi, akaelekea shamba la ngano.

Nikasema bismillahi, nikasema "haya".

Siwezi kuwaelezea kona ile. Sungura alikata kushoto, yeye miguu ikamtoka chini akateleza ubavu mzima kwenye tope, akainuka humohumo mbioni. Kingo ile nilikuwa nimeitembea mara mbili asubuhi. Akamshika hatua chache kabla ya ua, akageuka, na akaja. Anatembea kwa miguu ya juu kama bibi harusi asiyetaka kuchafua gauni, sungura kamshika katikati ya mgongo, bado hai. Nilipiga magoti kwenye tope. Sikumnyang'anya. Kiganja chini ya kidevu, nikasubiri. Akaachia. Nikamchinja hapo hapo.

Jumla sungura tisa: saba wa nyavu, wawili wa Bajaji. Mmoja alimkosa vibaya akagonga kisiki, kidole kimevimba, yuko mapumziko wiki mbili.

Ila uzi huu nilisema ni wa kusimama, kwa hiyo nimalizie hapo. Tunarudi, anatembea huru mbele yangu, tukakata kwenye mabua ya shayiri. Kitungule akainuka mita kumi mbele. Mkubwa, masikio yale. Hatua mbili Bajaji alikuwa ameshaondoka, nikapuliza mrefu. Akasimama. Anatetemeka mpaka meno yanagongana, anamtazama yule anaondoka, ila miguu minne iko chini. Nilimpelekea ini lote lililobaki mfukoni, na machozi yalinitoka kidogo, upepo ulikuwepo pia.

Tulipofika mwisho wa shamba akainuka wa pili. Nilikuwa nafunga mfuko. Filimbi nimeitia mdomoni tayari kamaliza nusu ya shamba.

Alirudi baada ya dakika nane, mtupu, ulimi umefika magotini. Nikamfunga kamba, nikaenda kumwambia mzee mwenyewe kabla jirani hajampigia simu. Alikuwa anachuna sungura. Akauliza, "Wa kwanza alisimama?"

Nikamwambia alisimama.

Akaendelea kuchuna.

#21 Abu_Salim_Muscat

Mashallah. Ami yangu angekupa saluki wake ukamfunze. Hao tisa mmewapikaje?

#22 MrangiWaMpakani

Wale saba wa nyavuni mzee aliwamaliza mwenyewe kwa mila zao, sita kauza kwa mwenye bucha wa kijijini, mmoja kabaki nao. Wawili wa Bajaji niliwachinja mimi, hao ndio wangu. Nimewaweka chumvi na ndimu usiku kucha, halafu nazi. Nazi ya kopo, Abu Salim, usinihukumu. Bajaji yuko jikoni kwa mke wa mzee, mguu uko kwenye beseni la maji ya chumvi, anapewa biskuti. Picha nitaweka kesho, simu imeingia tope.